Jicho la Mwanaidi na Mashine ya Kabatini

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana umeme ulikuwa umeshafika na ubahili ulikuwepo kabla ya umeme, palikuwa na mtaa wa mafundi vyuma ulioitwa Kelele. Jina lilifaa. Nyundo zililia kutwa, grinda, zile mashine za kukatia chuma, zilipiga mayowe, na mafundi walisemezana kwa mikono.

Mtaa ule ulikuwa na sheria moja tu, lakini ilikuwa na meno. Ukimuumiza fundi asiweze kazi, mkono wako ni wake. Utakaa kando ya meza yake, utakata atakachokuambia ukate, mpaka siku atakapoiacha kazi mwenyewe. Na sheria ilitaka mtu mmoja. Wazee wa Kelele walijua kwamba kosa likigawanywa kwa watu wengi, kila mmoja hupata kipande kidogo cha kutia mfukoni na kwenda nacho nyumbani akalale.

Katika mtaa huo palikuwa na karakana ya Mzee Chambuso. Mzee huyo alikuwa na grinda mbili. Ya kwanza ilikuwa nzito, ya kazi, aliyoinunua kwa wajenzi wa barabara walipokuwa wanafunga kambi, pamoja na boksi la mawe ya kukatia yaliyo imara, yale ya duara yanayofungwa kwenye grinda. Hiyo aliifunga kitambaa cheupe, akaiweka kabatini, akatia kufuli. Mgeni akija, kabati linafunguliwa, kitambaa kinainuliwa, mgeni anasema "Mashallah", kitambaa kinashushwa. Mwali gani huyo asiyetoka ndani hata siku ya ngoma yake!

Grinda ya pili ndiyo waliyopewa mafundi. Ilinunuliwa dukani kwa Bwana Salmini, muuza vifaa wa pale kona, kwa sababu ilikuwa rahisi. Ilikuwa ikiunguza kiganja, ikinuka mpira ulioungua, na swichi yake ilifungwa kwa kipande cha tyubu ili isijizime. Mafundi wakilalamika, Mzee Chambuso alikuwa na jibu moja: "Mchagua jembe si mkulima." Alilisema asubuhi, akalisema mchana. Methali hiyo ilimgharimu kidogo kuliko grinda nzuri.

Naye Bwana Salmini, nimseme vipi? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na vya Salmini vilitembea mtaa mzima vikipiga kelele. Mawe yake ya kukatia yalilala stoo iliyovuja mvua. Kila jiwe la kukatia lina pete ya bati katikati, na juu ya pete imeandikwa tarehe ya mwisho wa kutumika. Salmini alibandika bei juu ya tarehe. Na ukinunua kitu kwake, alikupa na nyongeza, mawe makubwa ya mashine kubwa zizungukazo polepole, mawe yaliyomkalia muda mrefu. Watu wakamwita mkarimu.

Sasa msikie habari ya Mwanaidi. Huyu ndiye aliyekuwa fundi wa maua ya chuma katika karakana hiyo. Geti la mtu yeyote lingeweza kufunguka na kufungwa, lakini geti la Mwanaidi lilikuwa na majani yaliyopinda na mashina yaliyokutana, watu wakisimama kulitazama. Kwa meza yake ya kazi alimlisha mama yake na wanawe. Hakuwa na kingine.

Siku moja karakana ilikuwa inamalizia geti la zahanati ya kata. Kesho yake wakubwa wanakuja kuifungua. Mawe madogo yakaisha, maana yale ya Salmini yalivunjika kama biskuti. Mwanaidi akamwendea Mzee Chambuso.

"Mzee wangu, tufungulie kabati leo tu. Kazi imebaki kidogo."

"Tumieni yaliyopo," akasema Mzee Chambuso. "Mchagua jembe si mkulima."

Yaliyopo yalikuwa yale makubwa ya nyongeza. Jiwe kubwa halikuingia, kava la grinda, lile bati la kumkinga mkataji, lililizuia. Basi Ndimbo, fundi mwenzake Mwanaidi, kijana mwenye mkono hodari na kichwa chepesi, akachukua spana, akafungua kava, akalitupa kwenye vyuma chakavu. Jiwe likaingia.

"Unaona, dada?" akasema Ndimbo. "Akili ni mali."

Akainama ili akate. Mwanaidi akamzuia. "Lete hapa. Wewe utanipindishia jani langu."

Akaichukua grinda mkononi mwa Ndimbo. Akavaa miwani ya kazi, nayo ilikuwa ya Salmini vilevile, imekwaruzika mpaka mtu haoni ila ukungu. Mstari wa chaki hakuuona. Akaipandisha miwani kwenye paji la uso. Akawasha.

Jiwe lilipasuka kabla halijafika katikati ya chuma. Kipande kimoja kiligonga ukuta. Kipande kimoja kilichukua jicho la kulia la Mwanaidi.

Wakambeba mbio mpaka zahanati hiyo hiyo, ambako muuguzi alikuwa ameshaanza kazi kabla ya ufunguzi, wakampitisha kwenye pengo ambapo geti lake lilipaswa kusimama. Na jioni ile ile, ndugu zangu, Mzee Chambuso alitoa ufunguo. Akafungua kabati, akaondoa kitambaa, akamkabidhi Ndimbo mashine nzuri na jiwe zuri, kwa sababu wakubwa wanakuja kesho. Chuma kilikatwa kwa utulivu kama mtu anayekata mkate wa mofa. Geti likasimama. Wakubwa wakalisifia. Mzee Chambuso akapeana nao mikono, na kitambaa kikarudishwa juu ya mashine.

Nasema wazi kwamba hapo ndipo ninapomchukia.

Jeraha likapona, jicho halikurudi. Lililobaki lilitosha kuchora ua, halikutosha kupima umbali kati ya jiwe na chuma. Bila mkono wa mtu mwingine, meza ya Mwanaidi angepewa fundi mwingine. Baraza la mafundi likaketi. Wakaitwa watatu.

Mzee Chambuso akasimama. "Mimi nimewapa kazi. Mimi nimewapa paa. Baba yangu alikata chuma kwa msumeno wa mkono, hakudai miwani wala kava. Mashine nzuri nimeitunza isichakae. Je, kutunza ni kosa? Jiwe sikulitengeneza, kava sikulifungua. Mkono wangu ni safi."

Bwana Salmini akasimama, kanzu imepigwa pasi. "Mimi ni mfanyabiashara. Nauza kile ambacho watu wanataka, na watu wanataka rahisi. Jiwe lile sikuliuza hata. Nililitoa bure! Tangu lini cha bure kikawa na dhamana? Kwenye grinda sikulifunga, wala sikushika swichi. Mkono wangu ni safi."

Kweli mkono wake ulikuwa safi. Haukuwahi kushika chuma.

Ndimbo akasimama, macho chini. "Mimi nilifungua kava, sikatai. Lakini kazi ilitakiwa, mawe yameisha, kabati limefungwa. Na ni mimi niliyekuwa nikate. Dada alininyang'anya. Lingekuwa jicho langu. Mkono wangu..." Akautazama mkono wake, akakaa bila kumalizia.

Mzee Chambuso akadakia: "Na yeye je? Miwani alikuwa nayo, akaivua! Mwenye jicho asipolilinda, alindiwe na nani?" Baraza likaguna, maana hilo nalo lilikuwa kweli.

Wakuu wa baraza wakanong'onezana. Mnajua waliamua kumtazama nani? Walimtazama Ndimbo. Wakasema ana mkono mzuri, atamfaa. Hawakusema kwamba hana duka, hana karakana, na hakuna hata mmoja wao mwenye deni la fadhila kwake. Rahisi huvunja upishi, lakini hukumu rahisi ndiyo waliyoipenda.

Mwanaidi akasimama, kitambaa kimefunika upande mmoja wa uso.

"Wakuu wangu," akasema, "miwani niliivua. Nimeshalipa kwa hilo, na malipo yangu mnayaona. Sasa nisikilizeni. Mkinipa Mzee Chambuso, mikono yake inatetemeka, hatakata jani hata moja. Mkinipa Bwana Salmini, ataikimbia cheche ya kwanza. Mkinipa Ndimbo, nitakula na watoto wangu watakula. Hilo nalijua kuliko ninyi. Lakini sheria haikusema mnitafutie mkono unaonifaa. Ilisema mnipe mkono wenye kosa. Msininunulie hukumu ya bei poa kama Mzee Chambuso alivyoninunulia grinda."

Kelele yenyewe ikanyamaza, mtaa mzima, hata nyundo moja haikulia. Mzee Chambuso akapapasa ufunguo wa kabati mfukoni. Bwana Salmini akajipangusa kanzu. Ndimbo akalia. Wakuu wakasema watajibu, na mpaka nilipoondoka pale walikuwa bado wanatazamana.

Hadithi yangu mimi naiweka chini hapa, ainue atakayeweza. Na wewe unayecheka pale nyuma, grinda yako ya nyumbani kava lake liko wapi? Haya, usimjibu jirani, nijibu mimi, maana Mwanaidi amekaa mbele ya meza yake na kiti cha kando bado ni kitupu: aliyebandika bei juu ya tarehe, aliyefungia mashine nzuri kabatini, na aliyefungua kava, je, ni nani kati yao aliyestahili kukikalia?