Kibuyu Kilichofika Kitupu

Wewe uliyekaa hapo mbele, ng'ombe mmoja mwenye mimba ungempa nani kati ya watu wanne? Usijibu bado. Kila ninapouliza swali hili hutokea mtu wa kujibu kabla hajasikia kisa, na mara nyingi huwa ni mtu mwenye cheo. Subiri kwanza.

Hapo zamani, ila si zamani sana maana ndege zilikuwepo, palikuwa na nchi mbili zinazokunywa mto mmoja. Ya juu iliitwa Milimani, ya chini iliitwa Mabondeni. Milimani walikuwa na bwawa, na bwawa lilikuwa na malango. Mabondeni walikuwa na mpunga. Malango yakifunguliwa, Mabondeni wanakula wali. Malango yakifungwa, wanakula hotuba.

Rais wa Mabondeni, Mheshimiwa Kilindo, alikuwa mtu wa safari. Alikwenda kuzindua, akaenda kushuhudia, akaenda kupokea shahada ya heshima, akaenda kutoa pole, akaenda kurudisha ziara ya mtu aliyekuja kurudisha ziara yake. Mwaka ule alikuwa amekwishasafiri mara arobaini na moja. Watoto wa shule walipoulizwa Rais wa nchi anaishi wapi, waliandika: angani. Mwalimu akawapa alama zote.

Basi mwaka huohuo Milimani wakafunga malango. Miche ya mpunga ikaanza kugeuka rangi ya njano. Ikabidi Rais afanye safari ya arobaini na mbili, na hii, kwa mara ya kwanza, ilikuwa na sababu.

Sasa sikiliza desturi ya Milimani. Kule mgeni mkubwa hafiki mikono mitupu, na wala hafiki na saa ya dhahabu. Anafika na kibuyu cha maji, yaliyotekwa katika kisima cha nyumbani kwao alikozaliwa. Tangu kisimani mpaka ukumbini kwa mwenyeji, kibuyu hakigusi chini, lazima kipakatwe. Kikifika, maji ya mgeni huonjwa na Bibi Ndimbo, mwonja maji wa Ikulu ya Milimani, mama wa miaka sabini na kitu, ambaye humwambii kitu kuhusu maji. Akisema ndiyo, maji ya mgeni na ya mwenyeji humwagwa katika bakuli moja la mti, wakubwa wawili wanakunywa, ndipo mazungumzo yanaanza. Akisema siyo, mgeni hupewa chai, akaagwa.

Kibuyu alikabidhiwa mzee Chambuso, mtumishi wa Ikulu ya Mabondeni kwa miaka ishirini na sita. Yeye na Rais walizaliwa kijiji kimoja, na kisima kilikuwa kimoja, chenye maji ya chumvichumvi. Chambuso alikwenda kuyateka mwenyewe, akakiziba kibuyu kwa gunzi la mahindi, akakipakata mpaka uwanja wa ndege.

Rais alikuwa anatoka safari ya arobaini na moja. Ndege ilitua Mabondeni kunywa mafuta. Rais alishuka nusu saa, akasalimiana na mkewe palepale chini ya bawa, akamuuliza hali ya watoto, akapanda tena. Chambuso alikalishwa kiti cha jirani na Rais. Angani alinyanyuka mara moja tu, kwenda msalani, na kibuyu akakifunga mkanda kitini kama abiria.

Walipotua Milimani na kuingia kwenye magari, Chambuso akakiona kibuyu chepesi. Akakitikisa. Kimya. Akachomoa gunzi, akachungulia. Hata tone.

Kando yake alikuwa Bi. Mashavu, afisa itifaki, mwanamke aliyewahi kumvua Rais tai hadharani na kumvalisha nyingine bila mtu kuona.

"Mama," Chambuso akamnong'oneza, "maji hayamo."

"Hayamo kivipi?"

"Hayamo. Kibuyu kipo, gunzi lipo, maji hayamo."

Bi. Mashavu akafumba macho, akayafumbua. "Mpunga wetu umo humo, mzee wangu. Usimwambie mtu. Nitamwomba msaada mtu mmoja tu, kwa sababu anajua kuongea."

Anayejua kuongea alikuwa Waziri Ngwali wa mambo ya nje. Ratiba ilimpa dakika tatu za salamu. Bi. Mashavu alimsogelea mlangoni akamwambia, "Mheshimiwa, leo ongea kama unavyopenda kuongea. Usikae mpaka unione nimerudi."

"Kuna nini?"

"Ukijua utakosa la kusema. Nitakueleza tukiwa njiani kurudi."

Ngwali akapanda jukwaani. Alianza na salamu za Rais, akashuka kwa mababu waliohama na mifugo, akaeleza walivuka wapi na kwa nini, akaingia kwenye nyuki, akatoka kwenye nyuki akaingia kwenye reli ambayo haijajengwa. Wenyeji walipiga makofi mara tatu wakidhani amemaliza. Dakika hamsini. Rais wa Milimani alisinzia, akaamka, akasinzia tena.

Huku nyuma Bi. Mashavu alimwambia mlinzi kuwa tumbo linamkata. Mlinzi, kijana mwenye adabu, akatazama pembeni. Bi. Mashavu akakata kona hadi jikoni mwa Ikulu, kibuyu kikiwa chini ya mtandio, akafungua bomba, akakijaza. Akarudi kwa Chambuso aliyekuwa amejibanza kwenye ujia.

Chambuso akaonja. "Mama, haya ni matamu."

"Ulitaka yawe machungu?"

"Kisima chetu kina chumvi. Bibi yule atajua kwa funda la kwanza."

Akakipakata kibuyu, akaenda kwa mpishi, akamwomba chumvi kiganjani. Mpishi akauliza ya nini. "Uzee, ndugu yangu. Nisipolamba chumvi saa hizi miguu inakufa ganzi." Akapewa. Akatia chembe, akatikisa, akaonja. Akatia nyingine. Mara ya nne akafumba macho na kumwona marehemu mama yake amesimama kisimani na kata mkononi. "Ndiyo haya," akasema.

Ukumbini Bi. Mashavu alijitokeza mlangoni. Ngwali akamwona, akakata sentensi katikati, akakaa. Makofi yalikuwa ya dhati.

Bibi Ndimbo akaletewa kibuyu. Akanywa funda moja, akaliweka mdomoni muda mrefu. Bi. Mashavu alihesabu taa za dari. Chambuso alisali. Bibi akameza, akasema, "Maji haya yametoka mbali."

Wakubwa wakanywa. Wakazungumza. Jioni ile mkataba ukatiwa saini: miezi yote ya kupanda mpunga, malango ya bwawa yatakuwa wazi.

Kisa hakijaisha. Milimani wana desturi ya pili. Ziara ikifanikiwa, mwenyeji hutoa ng'ombe mmoja mwenye mimba, wa ile mbegu yao inayojaza ndoo mbili kwa siku. Ng'ombe huyo si wa rais. Ni wa yule ambaye bila yeye ziara ingeharibika, na Bibi Ndimbo mwenyewe humsindikiza ng'ombe mpaka kwa wageni, ahakikishe kamba imeshikwa na mkono unaostahili. Nadhani Milimani waliwahi kuishi na marais.

Juma la pili Bibi Ndimbo akafika Mabondeni na ng'ombe wake. Walimkalisha kwenye bustani ya Ikulu. Rais alikuwepo, jambo ambalo nalo lilitangazwa redioni. Ng'ombe akaanza na mawaridi ya mama wa Ikulu.

"Shikamoo, Bibi," wakasema wote.

"Marahaba, wanangu. Haya, nani bila yeye?"

Hapo ndipo patamu. Kila mtu alimtaka ng'ombe, na hakuna aliyeweza kusema alifanya nini, maana mwonja maji amekaa mbele yao na kamba mkononi.

Waziri Ngwali alisimama wa kwanza. "Bibi, bila mimi ziara ingeharibika. Mimi nilizungumza kwa kina."

"Nilikusikia. Mpaka nyuki."

Bi. Mashavu akasimama. "Bila mimi ziara ingeharibika. Mimi nilishikwa na tumbo."

"Pole."

"Nimeshapoa, Bibi."

Chambuso akasimama, kofia mkononi. "Bila mimi pia ingeharibika. Mimi... niliomba chumvi."

Bibi Ndimbo aliwatazama mmoja mmoja, kisha akacheka mpaka ng'ombe akageuka. "Acheni kunizungusha, wanangu. Maji yale ni ya bomba la jikoni kwetu. Nimeyanywa tangu bomba lilipowekwa. Mlidhani ulimi huu ni wa kukodi?"

Ngwali alikaa bila kuombwa.

"Na mkataba?" Bi. Mashavu akauliza kwa sauti ndogo.

"Mkataba upo. Ningetaka kuuvunja ningeyatema maji palepale. Lakini niliionja ile chumvi. Ilikuwa imepimwa chembe baada ya chembe. Nikasema moyoni, watu wanaohangaika hivi kwa kibuyu kimoja, shida yao ya maji ni ya kweli. Nikameza. Sasa semeni wazi, na kila mtu aseme lake."

Basi ndimi zikafunguka.

Ngwali akasema, "Mwaka mzima mnanicheka kwa kuongea. Siku ile kuongea kwangu kulikuwa ukuta. Nisingesimama dakika hamsini, kibuyu kingeletwa mezani kikiwa kitupu."

Bi. Mashavu akasema, "Ukuta ulikuwa unalinda nini, Mheshimiwa? Mlikuwa na kibuyu kitupu na maneno mengi. Maji niliyaleta mimi, na lau mlinzi angeinua mtandio wangu, mimi ndiye ningelala ndani."

Chambuso akasema, "Maji uliyaleta, mama, sibishi. Ila yalikuwa ya kwao. Mimi ndiye niliyeyafanya ya kwetu."

"Naye Bibi je?" akasema Bi. Mashavu. "Yeye alijua, akameza."

"Mimi ng'ombe huyu nimemleta kwa miguu siku tatu," akasema Bibi. "Lakini mkiona ni wangu, nitageuka naye."

Ngwali alikuwa amepata nguvu tena. Akamwelekezea Chambuso kidole. "Kabla ya ng'ombe, tuulizane jambo. Tusingehitaji hotuba, wala tumbo, wala chumvi, kama mtu mmoja angetunza alichopewa. Kibuyu kilikuwa mikononi mwa nani? Huyu aliyepoteza maji ndiye leo anadai zawadi. Mimi nasema asipewe ng'ombe, na kesho asirudi kazini. Miaka ishirini na sita inatosha."

Mzee Chambuso aliizungusha kofia yake mikononi. Alikuwa na wajukuu watano wanaosoma kwa kazi hiyo, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu kwa heshima.

"Mheshimiwa," akasema, "kibuyu nilikijaza. Nilikipakata. Niliondoka kitini mara moja."

"Na ulipoondoka ulikiacha kwa nani?"

"Nilikifunga mkanda."

"Sikuuliza mkanda. Nani alikuwa jirani?"

Chambuso alimtazama Rais Kilindo, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe. Rais alikuwa anamtazama ng'ombe kwa makini sana, kama mtu aliyesomea mifugo. Bi. Mashavu alielewa, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakujua amvalishe nani nini. Ngwali naye alielewa, akatamani kuyarudisha maneno yake yote, kuanzia yale ya nyuki.

"Basi ni uzembe wangu," akasema Chambuso polepole. "Andikeni hivyo. Labda gunzi lilivuja."

"Kiti kililowa?" akauliza Bibi Ndimbo.

"Hapana, Bibi."

"Basi halikuvuja."

Ng'ombe alikuwa amefika waridi la mwisho. Hakuna aliyemzuia. Rais alikohoa, akajaribu kukohoa tena, ikakataa. Akavua miwani.

"Mwacheni Chambuso," akasema. "Ni mimi niliyekunywa."

Akaishika miwani mkononi, akaendelea.

"Walikuwa wameniletea yale maji ya chupa yenye mapovu. Miezi mitatu nayanywa hayohayo, nchi baada ya nchi. Chambuso akaenda msalani, nikasikia harufu ya kisima chetu inatoka kwenye lile gunzi. Nikasema nilambe tu. Nikanywa funda moja, nikamwona mama. Nikanywa la pili. Nilipokirudisha na kukifunga mkanda kilikuwa kitupu, na hotuba yote ya Ngwali nilikaa pale mbele nikijua, nikawaacha nyinyi muhangaike. Na leo nilikuwa tayari kumwacha mzee huyu afukuzwe."

Bibi Ndimbo alimtazama, akaivuta kamba, ng'ombe akasogea katikati yao akitafuna.

Haya. Mmoja aliongea, mmoja akateka bombani, mmoja akatia chumvi kisha akawa tayari kubeba kosa lisilo lake, na mmoja akajua akameza. Na huyo wa tano usiniambie hahusiki; asingekuwa na kiu ya kwao, hawa wanne wasingefanya lolote. Wewe uliyekaa hapo mbele, kamba bado iko mkononi mwa Bibi: aikabidhi kwa nani?