Pikapu Tatu na Miche ya Nyanya

Wapo watu ambao ukiwatuma chumvi, mboga itaiva, italiwa na vyombo vitaoshwa, wao wangali dukani wakiuliza ipi ni nyeupe zaidi. Mume wa Mama Miche alikuwa mmoja wao. Watu walimbandika jina la Mizani, naye badala ya kuona haya, akalipokea kama cheo. Sokoni aliminya nyanya mpaka wauzaji wakamwomba asogee. Nyumba yake ilikaa masika yote bila mlango kwa sababu alikuwa hajaamua ni mbao za mti gani zinazofaa, na watoto wake wakalala wakirushiwa mvua. Hata habari ya ndoa, mkewe alipenda kuwaambia mashoga zake, "Mimi ndiye niliyemchagua. Ningemwachia yeye, mpaka leo angekuwa anazunguka." Siku hizo alikuwa bado akiyasema hayo huku anacheka.

Mama Miche alipata jina lake kwa kazi yake. Nyuma ya nyumba alikuwa na kitalu: vichanja virefu vya miti chini ya wavu wa kivuli, na juu ya vichanja hivyo trei za miche ya nyanya, kabichi na vitunguu. Alianza na makopo ya rangi yaliyotobolewa chini, akiwauzia majirani mche mmoja mmoja. Msimu huu, kwa mara ya kwanza, kikundi cha akina mama wakulima wa ng'ambo ya kilima kilimwagiza miche ya nyanya ya kutosha shamba lao zima. Mwenyekiti wao alimwambia bila kuzunguka mbuyu. Miche ikifika mizima mvua zinapoanza, kazi hiyo itakuwa yake kila msimu. Isipofika, wauza miche wamejaa tele. Mama Miche alirudi nyumbani akikanyaga polepole, kama mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa pomoni.

Kikwazo kilikuwa usafiri. Pikapu yao ya zamani ilikuwa imekata roho kilimani, na fundi aliyefunua boneti alilifunika tena, akafuta mikono na kuwapa pole kama watu waliofiwa. Kwa bahati akiba ya kununua nyingine ilikuwepo. Basi mke na mume wakaenda yadi ya magari, kwa dalali aliyesoma na Mizani darasa moja.

Dalali aliwaonyesha pikapu tatu zilizoegeshwa ubavu kwa ubavu. "Shemeji, sitakudanganya," alimwambia Mama Miche. "Hii ya kwanza ni ya dizeli. Mlimani na mzigo inapanda kama haina habari, ila uitilie mafuta safi, maana ukiitilia machafu pampu yake itakuliza. Hii ya petroli ni laini, na kila fundi wa kando ya barabara anaijua, lakini ukiipakia inakunywa kweli. Na hii ya mwisho ni haibridi. Ina injini ya petroli na mota ya umeme, zinasaidiana. Mjini kwenye foleni inakula mafuta kidogo sana, na ukikanyaga breki inajichaji yenyewe. Ila siku betri ikichoka, ujipange."

"Njia yetu ni kilima na tope," Mama Miche alisema, "na foleni pekee tunayoijua ni ya mbuzi. Tuchukue ya dizeli tuondoke."

"Taratibu, mke wangu," Mizani alijibu, huku akiizunguka ile haibridi. "Hii haina kelele. Halafu ile ya petroli, fundi ni rahisi kupatikana. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Dalali alicheka, akasema kwa heshima ya urafiki wao angemruhusu Mizani aijaribu kila moja kwa zamu. "Lakini sikuwekei, ndugu yangu. Atakayekuja na fedha zote mkononi ndiye mwenye gari."

Kwa nini Mama Miche hakushikilia msimamo wake akakataa palepale? Ndilo swali alilokuja kujiuliza kwa uchungu baadaye. Alikuwa na utaratibu wake wa kazi, nao ulimtaka aondoke, amwachie Mizani kununua gari na kuleta miche. Kila alipopata mteja wa mbali alitangulia shambani, akakaa na wenyeji kuandaa matuta na kupima mashimo, ili miche ikifika iingie ardhini moja kwa moja. Miche yenyewe aliipunguzia maji siku za mwisho ili shina likomae, ikamwagiliwa asubuhi ya safari tu, ikafunikwa turubai na kubebwa polepole. Tena ilitoka kitaluni mara moja tu, bila kurudishwa. Mche laini ukipigwa upepo wa gari unanyauka, na ukirudishwa kivulini unadhani umesamehewa, kumbe umeshaumia.

"Mche ukitoka kitaluni haurudi," alimwambia mumewe akiwa mlangoni na mfuko wake begani.

"Nimesikia."

"Umesikia au umekubali?"

"Vyote viwili, mama watoto. Nenda kwa amani."

Akaenda kwa amani. Kule ng'ambo akina mama walimpokea kwa vigelegele, wakafyeka, wakapiga matuta, wakachanganya samadi. Mawingu yalianza kujikusanya. Kila jioni alimpigia mumewe simu, na kila jioni alipewa jibu lilelile, kwamba bado anapima kidogo tu, kesho atakuja. Kesho ikazaa kesho nyingine. Mvua ya kwanza ikanyesha, udongo ukalowa vizuri, na mashimo yakabaki wazi yakimtazama Mama Miche kama vinywa vya watoto wenye njaa. Alianza kuona haya kula chakula cha watu.

Asubuhi moja, wakiwa wanazibua mfereji, mama mmoja wa kikundi alimuuliza, bila ubaya wowote, "Lakini dada, mbona shemeji yetu tulimwona pale juu?"

"Juu wapi?"

"Pale kileleni, njia inapoanza kushuka huku kwetu. Mimi na binti yangu tulikuwa tunakata kuni. Alifika na pikapu imejaa miche, akasimama, akashuka, akainamisha sikio kwenye boneti. Halafu akageuza, akarudi. Keshokutwa yake akaja na gari jingine, akafanya vilevile. Tukasema labda kasahau kitu."

Mama Miche aliweka jembe chini. Hasira ilimpanda kuanzia kwenye nyayo. Kutoka pale kileleni mtu huliona shamba lote, matuta yake na watu wake, na anaweza hata kumjua mkewe kwa nguo aliyovaa. Mizani alikuwa amefika hapo na miche mgongoni, akaliona shamba, akageuza gari. Alipiga simu palepale.

"Uligeuza gari pale juu ukiwa na miche yangu?"

"Gari hupimwa kwa mzigo wake," Mizani alieleza kwa utulivu wa mtu asiyejua kwamba nyumba inaungua. "Ningepakia mawe ningejuaje hali halisi? Na nimefaidika, nakwambia. Ile ya dizeli imepanda bila kuhema, ila inatetemesha. Ya petroli imetulia, lakini mshale wa mafuta ulikuwa unashuka nikiuona. Haibridi nimeipandisha jana. Kimya kabisa, na kwenye mteremko ikajichaji. Sema nikawaza, hiyo betri ikifa huku kwetu, nani ataitengeneza?"

"Turubai ulifunika?"

"Lilikuwa linapigapiga. Nilikuwa siisikii injini. Nikalivua."

Mama Miche hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Umeitembeza miche yangu kwenye upepo mara tatu, wazi, ili usikilize injini," alisema. "Sasa nisikilize mimi. Lete kilichobaki leo. Hata kwa mkokoteni."

Ndipo Mizani akashtuka, na kama ilivyo kwa watu wa namna yake, akashtuka mambo yamekwisha kuharibika. Alikimbilia yadi akiwa ameamua kuchukua dizeli, ileile aliyoambiwa siku ya kwanza. Akakuta alama za magurudumu tu. Ya dizeli ilikuwa imeondoka asubuhi hiyohiyo, haibridi ilichukuliwa na mwalimu mmoja wa mjini, na ya petroli ilikuwa getini na mmiliki mpya ndani yake, akirekebisha kioo.

"Nilikwambia sikuwekei," dalali alisema. "Iliyobaki ni ile kule nyuma. Nikuambie ukweli, hiyo—"

"Naichukua."

"Ngoja nikufungulie boneti, ndugu yangu. Injini yake—"

"Nimesema naichukua."

Hebu tazameni mtu huyu. Nyanya za fungu moja alizipima mpaka zikaiva mkononi. Gari lililong'arishwa kwa rangi mpya juu ya kutu, hilo hakulitazama hata tairi. Alipakia trei, akafunika turubai, safari hii akilikaza kwa kamba kila kona, akakipanda kilima. Nusu ya njia injini ilianza kukohoa na kutoa moshi wa buluu. Karibu na kilele maji yakachemka. Akasimama, akangoja lipoe, akaenda kidogo, akasimama tena. Lilipofika shambani lilizimika lenyewe, na halikuwaka tena.

Mama Miche alikuwa amesimama mwisho wa tuta, na hakusogea. Mwenyekiti wa kikundi ndiye aliyefunua turubai. Majani yalikuwa yamekunjamana, kingo zake zimekauka na kuwa kahawia, mashina yamelala kama yamechoshwa na dunia. Aligusa mche mmoja, jani likabaki kidoleni.

"Dada yangu, mikono yako tunaijua," mwenyekiti alimwambia Mama Miche. "Umelala hapa, umelima na sisi. Lakini ardhi ikishalowa haiingoji familia ya mtu iamue. Mchana huu nilimpigia mwingine."

Hakuhitaji kusema zaidi. Upande wa pili wa shamba akina mama walikuwa wameinama, wakishindilia udongo kwenye miche ya kijani kibichi, na kando yao imeegeshwa pikapu ya dizeli iliyotoka yadi asubuhi. Mwenye nayo, muuza miche wa upande wa juu, alikuwa tayari akizungumza habari za msimu ujao.

"Nilitaka tupate iliyo bora," Mizani alisema kwa sauti ndogo. "Nilifanya kwa ajili yako."

"Usiniwekee mimi mzigo huo," Mama Miche alimjibu, na sasa sauti yake ilisikika shamba zima. "Zilikuwa tatu, zote nzima. Ungefumba macho ukashika yoyote, leo ningekuwa nacheka na hawa wenzangu. Hata iliyo mbaya kuliko zote tatu ingenifikishia miche. Miaka yote nimekuchekea, nikasema ndivyo alivyo. Nyumba bila mlango nikacheka. Leo umekula jasho langu, na sina kicheko kilichobaki."

Alichukua mfuko wake, akautupia begani. Jua lilikuwa limeshaanza kulegea na njia ilikuwa ndefu.

"Mimi narudi kwa miguu," alisema. "Unakuja, au unabaki na gari lako?"

Mizani alilitazama gari. Akaitazama njia, akalitazama wingu lililokuwa likikaribia. Akajikuna kidevu. "Sasa, tukiliacha hapa," alianza, "kuna hatari ya kuibiwa. Lakini kwa upande mwingine, nikibaki—"

Mkewe hakungoja upande mwingine. Alikuwa ameshavuka mfereji, anapanda kilima peke yake bila kugeuka nyuma, na Mizani akabaki amesimama kando ya gari bovu na miche mikavu. Mchagua nazi hupata koroma.