Komeo la Siyara

Paukwa!

Pakawa!

Aliyesinzia na aamshwe.

Ameamka!

Hapo zamani za kale, tena si kale sana, maana taa za umeme zilikuwepo, palikuwa na panya weupe wawili katika maabara ya Daktari Nyanzala. Mmoja Chonge, mmoja Siyara. Chonge alikumbuka kila kitu. Siyara alisahau karibu kila kitu.

Daktari alitaka kujua mambo mawili. Je, panya hukumbuka njia? Je, panya humsaidia mwenzake? Akajaza maji karai kubwa, akatia maziwa, maji yakawa meupe. Ndani akazamisha kigoda kisionekane. Anayekikumbuka husimama juu yake, hupumzika. Asiyekikumbuka huogelea, huogelea.

Ubavuni mwa karai palikuwa na kijumba kikavu chenye karanga na mlango mdogo wa kuingilia kutoka majini. Komeo la mlango lilikuwa upande mkavu. Aliye majini hawezi kulifungua.

Siku ya kwanza ya kijumba hicho, Siyara alitiwa majini. Chubwi! Chonge akawekwa penye karanga.

"Kaka Chonge, kigoda kiko wapi?"

"Mimi nilikiona jana. Wewe jana ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naogelea."

"Basi ogelea na leo."

"Nifungulie, kaka. Nimechoka."

"Subiri, nina chakula mdomoni," akasema Chonge. Akatafuna. Kwacha, kwacha, kwacha.

Mwishowe mkono wa daktari ukamtoa Siyara, maji yakimchuruzika. Daktari akaandika.

Siku ya pili zamu ikageuka. Chubwi! Chonge majini. Hakuwa na wasiwasi. Ukutani palikuwa na kitambaa cha buluu, na kigoda kilikuwa mbele yake. Hiyo ndiyo siri yake. Akaogelea mpaka mbele ya kitambaa. Akashusha miguu. Maji. Akazunguka. Maji tena. Hakujua kwamba asubuhi ile mfagiaji alikifua kitambaa, akakitundika kwenye msumari mwingine.

"Kigoda kimehama," akasema.

"Kina miguu, lakini hakitembei," akajibu Siyara.

Chonge akazama hadi masikio. Akaibuka. Akazama hadi pua. Daktari alikuwa ameinama, anatafuta kalamu chini ya meza. Chonge hakuomba afunguliwe. Alikumbuka ya jana, akaona haya.

Siyara akazitazama karanga. Akamtazama Chonge. Akalisukuma komeo kwa pua, halikusogea. Akaling'ata, akavuta. Ta! Mlango ukafunguka, Chonge akamwagika ndani pamoja na maji.

Akakohoa, akakohoa. Kisha akauliza, "Mbona hukula kwanza?"

"Karanga hazikuwa zinazama."

"Jana mimi sikukufungulia. Una utu, dada."

"Utu ni wa watu. Mimi panya. Sogea, unalowesha chakula."

Siku ya tatu Siyara akashushwa tena karaini. Kabla mkia wake haujagusa maji, mlango ulikuwa wazi, na Chonge amesimama pale, komeo mdomoni.

Daktari akaandika: "Panya huyu amesahau karanga."

Wanangu, na nyinyi wakubwa mliokaa nyuma, kukumbuka njia ni jambo jema. Lakini alama za njia huhamishwa, na mwerevu naye hupotea. Mfungulie mwenzako, hata kama jana yeye hakukufungulia.

Hadithi yangu imeishia hapo. Iliyobaki ni yenu kuitenda.