Vumbi la Mama Kanga

Hadithi mnaitaka. Kuni hamkuleta, maharage hamkuchambua, lakini hadithi mnaitaka. Na wewe, babake Nyamvula, mtu mzima na ndevu zako, umewatangulia watoto kukaa mkekani! Haya. Nitasema mara moja tu. Atakayesinzia, shauri yake.

Paukwa!

Pakawa!

Mmekula nini nyie, upepo? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo kale na kale palikuwa na mbuga. Mwaka huo mvua ilichelewa. Jua likawaka, waa! Nyasi zikakauka, kau! Mto ukabaki mchanga mtupu.

Ndipo akaja Korongo, yule mwenye mfuko shingoni, katoka mbali. Kifua mbele, shingo juu. Akapanda kichuguu.

"Mnamjua anayefukuza mvua? Ni nyinyi! Mnaoga vumbi, mnachimbachimba ovyo. Vumbi linapanda, linaziba mbingu, mbingu inachemka. Mkiendelea itapasuka, ituangukie sote!"

Wanyama wakatetemeka, tetete. Swala akaangua kilio. Ngiri akauliza, "Sasa tufanyeje, mzee?"

"Msioge vumbi tena. Wala msichimbe. Asiyeweza kuacha, aniletee yai. Nitamwombea, vumbi lake litasamehewa."

Akajiita Mlinzi wa Mbingu. Kila mara alikuwa na vikao huko mbali. Akiruka kwenda kikaoni, pwaa! pwaa! mabawa yanatimua vumbi mbuga nzima haionekani. Nani amwambie? Tembo naye akaokota yai la Mbuni, akalitoa, akagaagaa asubuhi mpaka jioni. Mwenye ubavu hakosi yai la mwenziwe.

Sasa sikilizeni. Kanga hana sabuni. Kanga huoga vumbi. Mnyime vumbi, utitiri unamla mzima mzima.

Mama Kanga alikuwa na vifaranga, na mayai kiotani. Utitiri ukaingia. Vifaranga wakajikuna, kwaru, kwaru. Wakakonda. Mmoja akafa.

Mama Kanga akaenda kwa Korongo. "Baba, watoto wananiishia. Niruhusu vumbi."

"Yai liko wapi?"

"Yai ni mtoto wangu!"

"Na mbingu je? Huna hata huruma na mbingu?"

Akatoa yai. Korongo akalimeza, gubi! Siku ile vifaranga wakaoga. Kesho yake utitiri ukarudi. Korongo akasema, "Yai." Akatoa. Baadaye Korongo hakungoja hata kuletewa. Alikwenda kiotani mwenyewe, akatia kichwa ndani mpaka shingoni, akadokoa. Gubi!

Likabaki yai moja. Mama Kanga akalitazama. Akawatazama vifaranga. Akasema, "Basi."

Mchana kweupe, mbele ya wanyama wote, akawaita watoto wake. Wakajitupa chini. Vumbi, fuuu!

"Jamani, Kanga anatuua!" Swala akalia.

"Itaanguka!" Korongo akapiga kelele.

"Na ianguke," akasema Mama Kanga. "Ikianguka itanikuta nimeoga."

Wanyama wakafumba macho. Wakangoja. Wakangoja. Ngiri akafumbua jicho moja. Mbingu ipo.

"Hee!" akasema. "Hata kuinama haijainama!" Naye akajitupa vumbini, puu!

Mama Kanga akasimama, akajikung'uta. "Jua kali, sikatai. Nina macho. Lakini kutetemeka kumemnywesha nani? Tembo, una pembe na una miguu. Chini ya mchanga wa mto maji yapo, na babu zako walikuwa wakichimba. Wewe umekaa unangoja nini?"

Tembo akaona haya. Akaenda, akachimba, vumbi likatimka. Akachimba, akachimba. Maji, chururu! Wakanywa wote, hata Swala aliyekuwa akilia. Vifaranga wakapona. Yai likaanguliwa. Mvua ikaja kwa wakati wake. Haikumwomba Korongo ruhusa.

Basi shikeni hili, na wewe mwenye ndevu ulishike: anayekutisha, kwanza mtazame mdomoni anatafuna nini. Jua likizidi, chimba kisima. Usiulipie woga kwa kutoa watoto wako.

Na Korongo? Utitiri wa kiotani ulikuwa umempanda kichwani. Ukamla usiku na mchana. Ngiri akamwambia, "Oga vumbi, mzee, lipo tele!" Ataanzaje, na mdomo wake ndio uliokataza? Akajikuna kwenye jiwe. Unyoya ukadondoka. Na mwingine. Na mwingine. Alipokubali mwishowe kujitupa vumbini, kila mnyama amesimama anamtazama, utitiri ulikufa, lakini manyoya hayakurudi. Hayo ndiyo aliyolipa kwa mayai ya watu.

Hadithi yangu imekomea hapo, pale upara wa Korongo unapoanzia.