Ufa Usiokuwepo

Karakana ilikuwa na kelele kama soko, lakini chumba cha mhandisi kilikuwa kimya kama kaburi. Alikuwa mwanamke mpole mwenye kazi iliyokuwa bado ngeni pale kiwandani: kuiga ndani ya kompyuta yale yaliyotendeka kwenye mashine. Huko nje kaka yake, fundi mkuu, aliunganisha vipande vya aloi, mchanganyiko wa metali usioogopa moto, kwa kuvisugua kimoja juu ya kingine. Kimoja huzungushwa kama pia, kingine hukandamizwa juu yake, mpaka vyote vilainike kama nta na kushikana. Hivyo ndivyo ilivyoundwa rota mpya, yaani sehemu inayozunguka ndani ya mtambo wa umeme. Kwa kuwa mhandisi alishinda akitazama michoro ya vyuma, mafundi walimbandika jina la Mama Picha.

Siku moja picha ya rota ilipoa kwenye skrini kutoka nyekundu hadi buluu, kisha pembeni mwa kiungo ukajichora ufa mwembamba, umepinda kama tabasamu. Mhandisi alidhani amekosea hesabu. Akafuta, akaanza upya. Ufa ukarudi. Akabadili joto, akabadili kasi, ukarudi palepale. 

Akaenda kuitazama rota yenyewe. Ilikuwa iking'aa kama kioo. Wapimaji walikwishapitisha mawimbi ya sauti ndani yake wasione dosari hata ya unywele. Alipotega sikio, akasikia: ti... ti... Kama ukucha wa mtu aliyefungiwa humo.

"Kaka, umesikia?"

"Chuma kikipoa hulia, mdogo wangu," fundi alijibu. Lakini uso ulimsawijika, kwani chuma hicho kilikuwa kimepoa tangu juzi.

Habari za ufa zilienea kama moto kwenye makapi. Mafundi walicheka, ila walicheka wakiwa mbali na rota. Meneja akaja juu.

"Mama Picha, ufa uko wapi? Nionyeshe kwa kidole!"

"Bado haupo, bosi. Chuma kimepoa na mkazo ndani yake. Kikizungushwa kwa kasi, utatokea hapa."

"Nisimamishe kazi kwa ajili ya kitu kisichokuwepo? Hiyo kompyuta yako imepandwa na mashetani! Jaribio la kuizungusha rota ni leo."

Mhandisi alimfuata kaka yake, akamshika mkono. "Usisimame karibu nayo, kaka. Wanao wananiita shangazi. Nitawaambia nini?"

 Fundi akawatoa watu wote katika chumba cha majaribio na kuvuta nyaya za swichi hadi nyuma ya ukuta wa zege.

"Nichekeni," aliwaambia wenzake, "lakini nichekeni nikiwa hai."

Rota ikaanza kuzunguka. Mwanzoni iliimba kwa sauti nyororo, kisha wimbo ukageuka kilio, na kishindo kikatikisa paa. Vumbi lilipotua, mahali alipozoea kusimama fundi palikuwa na kipande cha chuma kilichozama sakafuni kama shoka kwenye gogo.

Fundi aliokota kipande kingine, akakipeleka mbele ya skrini. Hakuna aliyecheka. Mpasuko ulipinda vilevile kama kwenye picha, utadhani mmoja ni kivuli cha mwenzake.

Meneja alimgeukia fundi. "Kuna nyingine iliyounganishwa namna hii?"

"Ipo," fundi alijibu taratibu. "Iko kituo cha umeme. Inazunguka hivi sasa."

Meneja alinyakua simu. "Zimeni mtambo! Watu wote watoke!"

Sauti ya upande wa pili ilisikika waziwazi, tulivu kabisa, huku mtambo ukinguruma nyuma yake: "Kwani mtambo umefanya nini, bosi?"

 "Bado," meneja alinong'ona. "Bado haujafanya. Zimeni!"

Wote wakasimama wakisikiliza ngurumo ile ikishuka, ikififia, hadi ikanyamaza. Meneja akaishusha simu, akamvutia mhandisi kiti na kumwomba aketi.

Ama kweli, lisemwalo lipo. Na kama halipo, laja.