Jina la Mtoto na Bakuli la Mayonezi

Sogeeni karibu, ila asiyependa kubishana ampishe mwenzake, maana kisa hiki kimeshawahi kuwagombanisha watu waliokaa mkeka mmoja.

Huko Muheza, nyuma ya soko la machungwa, waliishi wanawake watatu, kila mmoja na alichojaliwa.

Tausi alijaliwa kutotupa kitu. Maji aliyooshea mchele aliyamwagia mchicha, maganda ya machungwa aliyakausha ya kuwashia moto, na mfuniko usio na chupa, kwake ulikuwa unasubiri tu chupa yake. Watu walimcheka, kisha wakaenda kwake kuazima.

Mashavu alijaliwa mkono. Tui lake halikatiki, uji wake haufanyi madonge. Sifa hizo alizitaja mwenyewe, asisubiri mtu amsaidie.

Kibibi alijaliwa ulimi. Akionja mchuzi wako anakwambia kilichopungua na kilichozidi, hata kama hukumuuliza. Mtoto hakujaliwa. Hilo alilisema wazi, bila kuomba huruma ya mtu: "Nikifa, jina langu linakwenda na mimi."

Aliyewakutanisha hawa watatu ni Mboni. Tausi alikuwa wifi yake, Mashavu jirani yake wa ukuta mmoja, na Kibibi mama yake mdogo. Mboni alikuwa mjamzito, na mimba ile ilimkatalia kila kitu. Wali alitapika, ndizi alitapika, hata harufu ya samaki wa nyumba ya tatu ilimtoa mbio. Alichotamani ni kimoja tu, viazi vya kuchemsha vilivyovurugwa na mayonezi. Na mayonezi ndicho kitu asichoweza kula, kwa sababu mayai humvimbisha koo tangu utotoni. Kwenye kila harusi alikaa akiwatazama wenzake wanavyolamba vidole.

Asubuhi moja alianguka akianika nguo. Nesi wa zahanati aliitwa, akampima, akatikisa kichwa. "Huyu asipokula, mtoto atalishwa na nani?" alisema. "Akiendelea hivi tutamlaza."

Mboni alirudishwa ndani, akalazwa mkekani, na hao watatu wakamzunguka. Aliogopa sana. Aliushika mkono wa aliyekuwa karibu, hata hakutazama ni wa nani, akasema mbele yao wote, "Atakayenilisha nikashiba, mtoto huyu atabeba jina lake."

Njaa ndiyo iliyosema, lakini masikio sita yalisikia.

Mashavu ndiye aliyeanza. Zamani aliwahi kuwapikia Wahindi fulani wa Tanga mjini wasiogusa mayai, na mayonezi yao aliyatengeneza kwa maji yaliyochemshiwa dengu. "Maji hayo yakipoa yanakuwa mazito, yanatoka povu kama ute wa yai," alisema. "Shida ni kwamba dengu hulowekwa usiku kucha. Mpaka kesho huyu atakuwa amefika wapi?"

Hapo Tausi akainuka, akaenda kwake, akarudi na sufuria. Alikuwa amechemsha dengu jana yake, dengu zikaliwa, maji akayafunika. Hakujua mayonezi yasiyo na mayai ni kitu gani. Maji yale alitaka kuwachanganyia kuku na pumba. Lakini yalikuwepo, tena mazito ya kuvutika, na mtaa mzima usingeyapata kwingine siku ile.

Mashavu akakaa na bakuli. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo habari ya blenda haikuwepo. Alitia maji ya dengu, haradali kidogo, ndimu na chumvi, akapiga kwa mchapo wa kukorogea mpaka povu likasimama, kisha akaanza kudondosha mafuta ya alizeti, tone baada ya tone. Mkono wa kulia ukichoka anahamia wa kushoto. Mchanganyiko ukawa mweupe, ukaanza kushika. Basi akainua kichwa ajisifu kidogo, "Mnaona mkono huu?" na mafuta yakamponyoka, yakaingia mkupuo mmoja. Mayonezi yakakatika palepale, maji huku, mafuta kule. Mtu mwingine angemwaga. Mashavu alichukua bakuli jipya, akatia maji ya dengu yaliyobaki, na kile kilichoharibika akakirudisha humo kidogo kidogo, huku jasho likimdondoka, mpaka kikashikana upya. Safari hii macho hayakutoka kwenye bakuli.

Wakavuruga viazi, wakampelekea Mboni. Alinusa, akalisukuma bakuli. "Yananuka dengu," alisema, na machozi yakamtoka, kwa kuwa alikuwa amejipa matumaini.

Muda wote huo Kibibi alikuwa amekaa kivulini, hajashika hata mwiko. Sasa aliomba kijiko, akaonja, akafumba macho. Akachoma kitunguu saumu kwenye majivu mpaka kikalainika, akakiponda na giligilani, akaongeza ukwaju na ncha ya pilipili. Akavitia bakulini, akakoroga mara chache tu, akamwambia, "Jaribu, mwanangu. Ukikataa sitakulazimisha."

Mboni alijaribu. Akaomba tena. Akamaliza viazi, akafuta bakuli kwa kidole, na hakutapika. Tangu siku hiyo hakuacha kula, na nesi akaacha kutikisa kichwa.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike, mapaja yamejaa. Siku ya saba watu wakakusanyika kumpa jina. Maalimu aliyekuja kumsomea dua alipouliza jina ni lipi, Kupaza, mume wa Mboni, aliinua mikono: "Aliyeahidi ni mama yake. Mimi simo."

Ndipo yakaanza.

"Bila maji yangu mngepiga nini, upepo?" alisema Tausi.

"Maji yako uliwawekea kuku," Mashavu akamjibu. "Aliyejua kazi yake ni nani? Mikono iliyokufa ganzi ni ya nani?"

"Na aliyeyakata ni nani?" Tausi akamrudishia. "Ungeyaunganisha na nini, kama si maji yangu hayohayo?"

"Bakuli lenu alilisukuma," alisema Kibibi taratibu. "Mimi nilimwona akilia."

"Wewe ulikuja na kijiko wakati kazi imekwisha!" wakamvaa wote wawili.

Mtu mmoja mlangoni akapendekeza mtoto apewe majina yote matatu. "Akimwaga maziwa utamwita kwa yote?" bibi wa mtoto akamuuliza. Na Kibibi akasema, "Mimi msinigawie theluthi."

Mboni alimpakata mwanawe akawatazama. Tausi alikuwa amemletea kanga kuukuu laini za kumfunikia mtoto, alizozitunza miaka. Mashavu alikuwa na somo wawili tayari mtaani, watoto waliopewa jina lake, na bado alimtaka huyu kwa moyo wote. Kibibi alikuwa ameinamisha uso, akikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. Mboni aliwapenda wote. Kila jina lililomjia mdomoni lilimfanya awaonee haya wawili waliobaki.

"Tunasubiri, binti," Maalimu alisema.

Basi nanyi mliokwisha kula na kushiba, msimwachie Mboni peke yake. Ahadi ni ahadi, mtoto ni mmoja, na wanawake watatu wanasikiliza. Kama ungekuwa wewe uliyempakata, ungelitamka jina la nani? Na hao wengine wawili ungewatazama vipi?