Kilemba cha Mwenye Pumzi

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi maana vidonge vya hospitali vilikuwapo tayari, palikuwa na mji ambao harusi haikuwa harusi mpaka pembe ilie. Ililizwa kwa pumzi moja, tangu bibi harusi ainue mguu mpaka avuke kizingiti. Ikikatika, pembe ilihamia nyumba nyingine.

Mpiga pembe, Mzee Shekue, akashikwa na maradhi ya Parkinson. Mkono ukatetemeka, watu wakanyamaza. Mgongo ukapinda, watu wakanyamaza. Pumzi ikawa fupi, hapo wakasema kazeeka, pembe apewe binamu yake Bunu. Na harusi iliyokaribia ilikuwa ya mjukuu wa Shekue mwenyewe.

Daktari Nuhu akawaambia si uzee. Maradhi yaliyokaza mkono yamekaza na misuli ya kifua. Akampangia saa za dawa na mazoezi ya kupuliza. Mkewe, Bi Mwanakombo, akakata kikonyo cha jani la mpapai kiwe mrija, akamweka mzee mbele ya beseni la maji atoe mapovu. Asubuhi puliza, jioni puliza. Mzee akanuna.

"Nuna," mkewe akamwambia, "lakini puliza."

Siku ikafika. Daktari alijua dawa ina saa yake, ikipita nguvu huisha, akaenda kuwaharakisha kina bwana harusi, na harusi ikaanza kwa wakati, jambo ambalo mji ule haujaliona tena. Mzee akailiza pembe. Bibi harusi akainua mguu. Mara mgongo wa mzee ukapinda, sauti ikafifia. Bunu, ambaye pembe ingekuwa yake, akasogea akamwegemeza mgongo kwa mgongo. Kifua kikafunguka. Pembe ikalia, kizingiti kikavukwa, nayo bado inalia, vigelegele visiweze kuifunika.

Desturi ilimtaka mpiga pembe avue kilemba amvishe aliyempa pumzi.

Daktari akasema, "Mlidhani uzee. Bila mimi pembe ingeshahama."

Bi Mwanakombo akasema, "Wewe uliagiza mara moja ukaenda zako. Mimi ndiye niliyenuniwa kila siku."

Bunu hakudai kitu. Watu ndio waliomdaia: huyu peke yake alikuwa na cha kupoteza. Yeye akasema tu, "Mvisheni shemeji."

Mzee akasimama katikati yao, kilemba kikitetemeka mkononi, anacheka.

Wala msiniambie mwanamke havai kilemba. Nyinyi mliokaa hapa mnapumua bila hata kufikiri, je, mngemvisha nani?